Kukata Kunalipiwa

Mwenye mashine ya posho yeyote kati ya Kitale na Endebess angekuambia mambo mawili kuhusu fundi Kimotho: kwamba injini ya dizeli haijawahi kumshinda, na kwamba ukimwita lazima uwe na ngozi ngumu. Alifika, akainamisha kichwa kuisikiliza injini kidogo tu, akaizima, kisha akamgeukia mwenyewe.

"Nani alikufungulia hii? Alikuwa fundi ama alitumwa na adui zako?"

Walimvumilia kwa sababu akiondoka, unga husagika.

Dharau alikuwa nayo ya kugawia mtaa mzima. Aliwadharau mafundi wanaobadilisha kila kifaa kwa kuwa hawajui kilichoharibika. Aliwadharau wahubiri wenye vipaza sauti, wanasiasa wa pande zote, na wakulima wanaouza mahindi shambani halafu wanakuja kununua unga wa paketi. Ila waliomkera kuliko wote ni watu wanaotangaza kwamba wameacha kitu. Fulani ameacha pombe, fulani ameacha nyama. "Mtu akiacha kitu anaacha," alisema. "Hafanyi mkutano." Na aliposema hivyo sigara ilicheza kwenye pembe ya mdomo wake, maana yeye hakuwa ameacha kitu chochote tangu azaliwe.

Babu yake alitoka Nyeri akaja Trans-Nzoia na wenzake wakanunua shamba la mzungu, wakaligawana vipande. Kimotho alizaliwa kwenye kimoja cha vipande hivyo, akakichoka mapema. Alikimbilia mjini kujifunza injini kwa mzee mmoja ambaye mikono yake ilikuwa na mafuta siku nzima, kwa hiyo aliyekuwa akimwashia sigara ni mwanafunzi. Kimotho aliwasha, akavuta kidogo ili ishike, akampa. Ndivyo alivyosomea kazi mbili kwa mwalimu mmoja, na zote mbili alihitimu vizuri.

Alipofungua karakana yake karibu na stesheni ya reli ya zamani, jirani yake alikuwa Gikonyo, mchomeleaji wa mageti. Kimotho hakununua kiberiti tena. Alinyoosha shingo upande wa Gikonyo, sigara ikashika kwenye chuma chekundu. Mkewe, Pauline, alimwambia siku moja atajichoma kope. Pauline alikuwa Mbukusu wa Bumula, mshonaji wa sweta za shule, mwanamke wa maneno machache ambayo kila moja lilikuwa na ncha. Ndiye pekee mjini Kitale ambaye Kimotho hakuthubutu kumjibu haraka.

Ugonjwa ulianza na baridi. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto kilikuwa baridi hata mchana wa jua kali, halafu kikawa kinauma akitembea, halafu kikauma hata akikaa. Kimotho alilaumu buti. Akabadilisha buti. Kidole kikabadilika rangi, kikawa kama zambarau, kisha kikawa cheusi kwenye ncha kama kilichochovywa kwenye oili chafu. Akalaumu gurudumu la injini lililowahi kumwangukia, ingawa lilimwangukia mguu ule mwingine.

Pauline ndiye aliyempeleka hospitali. Daktari aliyewapokea aliitwa Chesang, mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Alikitazama kidole, akashika mapigo ya damu kwenye kifundo, akampima sukari na kila kitu, akarudi na majibu.

"Si kisukari," alisema. "Mishipa ya damu inafungana, na kinachoifunga ni tumbaku. Kuna ugonjwa wa namna hii unapenda sana wanaume wa umri wako wanaovuta."

"Basi nipe dawa, daktari."

"Dawa yake ni kuacha. Sijasema kupunguza. Hata sigara moja kwa siku inaulisha huu ugonjwa. Ukiacha kabisa, mara nyingi unasimama hapo ulipofika. Usipoacha, mimi nitakuwa nakukata kipande kipande mpaka tufike kwa goti."

Kimotho alimtazama kwa heshima mpya. "Daktari, una mdomo mbaya kushinda wangu."

Kidole kilikatwa. Na hapa ndipo fundi aliposhangazwa. Bima ya afya ya serikali, ile ambayo alikuwa akiichangia huku akiitukana, ililipa. Ililipa kitanda, ikalipa upasuaji, ikalipa bandeji. Ujumbe wa kuthibitisha uliingia kwenye simu yake kabla ganzi haijaisha mguuni. Gikonyo alipokuja kumwona alimkuta mwenzake anasifu kitu cha serikali, akamwuliza nesi pembeni kama hizo dawa za usingizi zimempanda kichwani.

Siku ya kutoka, Daktari Chesang alikaa kwenye ukingo wa kitanda. "Wengi wanajaribu kuacha peke yao na wanarudi. Haimaanishi ni wajinga. Mwili umeshazoea. Kuna chingamu ya kuachia sigara, kuna plasta ya kubandika kwa ngozi, na kuna mtu wa kuongea na wewe kila wiki. Mtu akipata hayo, nafasi yake ya kushinda inapanda. Nenda pale dirisha la bima uulize." Kisha akaongeza, akiwa ameangalia pengine, "Uulize tu."

Kwenye dirisha la bima kulikuwa na kijana nadhifu, nywele zimechongwa, kadi imening'inia shingoni. Aligonga kompyuta yake, akasoma, akagonga tena.

"Hii haiko, mzee."

"Haiko kwa stoo ama haiko wapi?"

"Haiko kwa bima. Mambo ya sigara ni kitu mtu anajitakia. Sisi tunalipa ugonjwa."

"Na kukata kidole?"

"Hiyo ni upasuaji. Upasuaji iko."

"Nikirudi mnikate kingine?"

"Iko."

"Mguu mzima?"

"Bora tu mchango wako usichelewe. Iko. Hata ukatwe yote miwili, iko. Hiyo usiwe na wasiwasi hata kidogo."

Kimotho alimchunguza usoni akitafuta alama ya mzaha. Hakuiona. Kijana alikuwa anamfariji. Alikuwa amekaa pale nyuma ya kioo, mtoto wa watu, amesoma, ameajiriwa, na alikuwa anamwambia mtu aliyekuja kuokoa mguu wake kwamba atulie, mguu ukiwa wa kutupwa utagharimiwa vizuri.

"Bana," Kimotho akasema taratibu, "kama ningekuwa naendesha karakana yangu hivi, ningemwambia mtu: oili sikuwekei, lakini injini ikikauka na ikapasuka, uniletee niitupe bure."

"Sasa hiyo ni injini," kijana akasema, akamwita anayefuata.

Maduka ya dawa mjini hayakuwa na hiyo chingamu. Mwenye duka mmoja alimwambia ajaribu Eldoret au Nairobi, akamtajia bei, na Kimotho akacheka kwa mara ya kwanza tangu alazwe. Mwingine alimwuzia peremende za koo, akamhakikishia kwamba zinasaidia kila kitu.

Akaamua ataacha kwa nguvu zake. Wanaume wameacha mambo makubwa zaidi, si sigara! Alitafuna tangawizi mpaka ulimi ukawa kama msasa. Alinyonya peremende. Alimtukana Gikonyo kwa sababu ya moto wake, akamtukana mteja aliyemletea injini hata kabla hajaeleza shida yake, akaenda nyumbani akaikasirikia redio. Mikono iliyokuwa inajua nati kwa kugusa ikawa haizijui tena. Aliangusha skrubu ndogo ndani ya injini ya mtu, ikambidi aifungue yote upya. Siku chache zilipita hivyo. Halafu akaenda choo cha nyuma ya karakana, akafunga mlango kwa ndani, na mule kwenye harufu ile, mtu mzima, fundi wa kuheshimika, akavuta kwa kujificha kama mtoto wa shule.

Hakuna aliyemdharau siku hiyo kuliko alivyojidharau mwenyewe. Lakini dharau haikumzuia kurudi chooni jioni.

Pauline alijua. Aliijua harufu hata chini ya tangawizi. Hakugomba. Asubuhi moja alikuwa ameketi na uzi wa sweta mapajani, akamwuliza bila kuinua macho, akimwita kwa jina la binti yao:

"Baba Kui, gongo ya kutembelea unapenda ya mti gani? Kuna watu wanasema mkaratusi ni mwepesi. Nikipata mapema nitaifumia kikoti."

Kimotho alitoka bila chai.

Kidole cha pili kilikatwa kabla ya msimu wa mvua kwisha. Bima ililipa, na safari hii ililipa haraka zaidi, maana sasa walikuwa wanamjua. Kwenye kukata hawakuwa na mchezo. Daktari Chesang hakumkemea. Aliosha mikono, akamwuliza tu, "Ile chingamu uliipata?" Kimotho akamweleza habari ya dirishani. Daktari akakausha mikono yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Naandika kila mara," alisema. "Kila mgonjwa namwandikia, na kila mara anarudi hivyo hivyo."

Wakati Kimotho bado yuko wodini, alitembelewa na dada mmoja mchangamfu aliyejiita Lorraine. Alikuwa afisa wa mawasiliano wa mradi uliokuwa unazinduliwa, jina lake Pumua Upya. Mradi ulikuwa wa mambo ya tumbaku na bima ya umma, alieleza, na kutakuwa na kikao kikubwa Bungoma, pale Kanduyi, na wangependa sana awepo kama sauti ya wagonjwa.

"Kutakuwa na chingamu?" Kimotho akauliza.

"Kutakuwa na kila kitu," Lorraine akasema.

Basi wakaenda na Pauline, Kimotho amevaa suti ya arusi ya mdogo wake na kiatu cha kushoto kimejazwa pamba kwa mbele. Ukumbi wa hoteli ulikuwa umepambwa kwa mabango ya mapafu, moja jeupe na moja jeusi. Kila kiti kilikuwa na chupa ya maji, kalamu, na fulana iliyoandikwa "Acha Leo". Kimotho alipekua mfuko wa zawadi mpaka chini. Hakukuwa na chingamu. Kulikuwa na peremende ya mnanaa, moja.

Wakubwa walizungumza. Mgeni wa heshima, bwana mmoja mrefu aliyetoka makao makuu ya bima, Nairobi, alizungumza kuliko wote. Alisema kuzuia ni bora. Alisema mwananchi ndiye kiini. Alisema msaada wa kuacha tumbaku umo ndani ya maono ya bima, uko kwenye rasimu, na rasimu iko kwenye meza, na meza hiyo ina wadau. Alisema hayo yote kwa sauti nzuri sana. Watu wakapiga makofi, wakaenda kunywa chai.

Kimotho alikuwa ametulia muda mrefu kuliko mwili wake ulivyoweza. Alichechemea akapita sambusa, akapita jikoni, akatokea nyuma kwenye mapipa ya taka, mkono umeshaingia mfukoni. Na pale, kati ya mapipa na tangi la maji, alikuwa amesimama bwana mrefu kutoka Nairobi, macho ameyafumba, anavuta kama mtu aliyetolewa majini.

Walitazamana. Bwana mrefu akaona mguu, akaona pamba inayochungulia kwenye kiatu, akajua ni nani.

"Ni kazi ngumu hii," alisema. "Presha nyingi."

"Nilidhani nyinyi mna chingamu," Kimotho akasema.

"Ah. Hiyo mke wangu aliniletea kutoka nje ya nchi. Ladha yake mbaya. Sikuiendeleza." Akampa kiberiti cha gesi, kwa ukarimu, kama mtu na mtu.

Kimotho alikipokea. Hilo ndilo jambo ambalo baadaye hakuweza kujisamehe wala kulieleza vizuri. Alimdharau yule bwana mpaka kwenye kucha, na bado alikipokea kiberiti chake, akawasha, wakavuta pamoja kama marafiki wa zamani.

Baada ya chai aliitwa mbele. Lorraine alimwomba avue kiatu, ili watu waone. Akavua. Mpiga picha akapiga magoti. Kimotho akashika maikrofoni.

"Mimi naitwa Kimotho, fundi wa mashine za posho, Kitale. Vidole viwili havipo. Viwili hivyo mlivilipia nyinyi, na nawashukuru, mlilipa bila kuchelewa. Vimebaki vitatu. Daktari wangu anasema hivi vitatu vinaweza kukaa nikisaidiwa kuacha. Nimeuliza msaada, nikaambiwa sigara ni ya kujitakia. Sasa nimekuja kuuliza hapa mbele ya wakubwa: kwa nini nyama yangu mnainunua ikiwa imeoza tu? Ikiwa nzima hamuitaki?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, akakoma. "Na msiniangalie kama mlevi aliyeanguka mtaro," Kimotho akaendelea. "Saa hii nimetoka kuvuta nyuma ya jikoni. Sikuwa peke yangu."

Bwana mrefu aliangalia simu yake. Kisha mwenye kuongoza kikao akaanzisha makofi, ukumbi mzima ukafuata, na Lorraine akachukua maikrofoni akasema huo ulikuwa ushuhuda wa kugusa sana. Walimpa fulana ya pili.

Nje, Pauline alimshika mkono. Hakuwa mtu wa kushika mkono hadharani. "Umewaambia," alisema.

"Nimewaambia nini? Wamenipigia makofi! Ukimtukana mtu akakupigia makofi, umemfanya nini?" Akazikunja zile fulana akamrushia bawabu wa hoteli. Pauline akaona kwamba haikuwa hasira peke yake. Mumewe alikuwa anaogopa.

"Twende Bumula," alisema. "Ni hapa tu. Tusalimie wazee."

Njiani kwenda Bumula Kimotho aliwaza jambo ambalo halikuwahi kumjia. Alikuwa amevuta kila mahali duniani alipokanyaga: karakana, shambani, choo cha kanisa, mlangoni pa wodi. Mahali pamoja tu hapakuwahi kuona moshi wake: boma la wakwe. Siku ya mahari alikaa pale kutwa nzima, jasho likimtiririka, hakugusa. Kwa Wabukusu mkwe hamkaribii mama wa mkewe ovyo. Hamshiki mkono, hampiti njiani karibu karibu. Watu wa kanisa wamelegeza kidogo siku hizi, lakini kuvuta sigara akiona mama mkwe? Afadhali avue nguo sokoni.

Walipofika akamwambia mkewe, "Wewe rudi kwa kazi yako. Mimi naomba kukaa."

"Kukaa mpaka lini?"

"Mpaka niache ama nife, Mama Kui. Serikali imeninyima chingamu. Nitatumia aibu."

Baba mkwe, Mzee Makokha, mwalimu mkuu mstaafu, alisikiliza maelezo yote akiwa ameegemea kiti chake. "Kwa hiyo hospitali ni sisi," alisema.

"Ndiyo, Mzee."

"Na hatulipwi."

"Hamlipwi, Mzee."

"Nilijua pensheni yangu haitoshi wagonjwa," akasema Mzee Makokha, lakini akaamuru atayarishiwe chumba cha nje.

Siku zilizofuata hazikuwa na uzuri. Kimotho alitoka jasho akiwa amekaa kivulini. Alichukia jogoo, alichukia redio ya mzee na matangazo yake ya vifo, alichukia wema wa watu wa boma lile. Usingizi ulimkimbia na njaa ikamjaa. Mama Edah, mama mkwe wake, hakuonekana, sauti yake tu ilipita ukutani kutoka jikoni: "Mwambieni mkwe chakura iko tayari." Alikula kuliko wavunaji. Mzee Makokha akamtafutia kazi ili asiwachinjie jogoo: mashine ya posho ya pale senta ilikuwa imelala muda mrefu. Kimotho aliifungua, akakuta fundi wa mwisho amefunga bomba la dizeli kwa kamba ya katani. Kwa dakika kadhaa alitukana kwa raha kamili, bila kukumbuka sigara.

Lakini pale senta kulikuwa na maduka, na maduka huuza sigara moja moja. Mchana mmoja maungo yalimwuma mpaka kwenye meno. Alinunua moja, akakunja kona kwenye njia ya kurudi, penye shamba la mihogo, akaitia mdomoni, akajikinga upepo kwa kiganja. Kiberiti kilikuwa kimeshawaka aliponyanyua macho.

Mama Edah alikuwa anakuja, mzigo wa kuni kichwani. Walikuwa karibu kiasi cha kusikia pumzi.

Yule mama hakupiga kelele. Aligeuza uso wake upande, kama mtu aliyemkuta mkwe anaoga mtoni, akaiacha njia kabisa, akaingia kwenye mihogo na mzigo wake, mzee wa miaka yake, majani yakimpiga usoni. Kwenye tope la matuta aliteleza, akajishika kwenye shina, akaendelea. Alipokuwa amempita, akasema bila kugeuka:

"Mimi napita tu. Hapa sijaona mtu."

Kiberiti kilimwunguza Kimotho kidole cha mkono. Alibaki amesimama mpaka mgongo wa mama ukapotea. Baadaye alimweleza Pauline kwamba amewahi kutukanwa na watu wanaojua kutukana, na wote wakiwekwa pamoja hawamfikii Mama Edah na mzigo wake wa kuni. Sigara aliivunja vunja, akaikanyagia kwenye udongo kwa mguu ule mzima. Haikuwa mwisho wa kutamani. Alitamani miezi mingi baadaye, na hata leo akisikia harufu ya chuma cha moto shingo yake hunyooka yenyewe. Lakini hakuwasha tena.

Aliporudi Kitale alikuwa amenenepa, na vidole vyake vitatu vilikuwa na joto. Daktari Chesang alivishika kimoja kimoja, akapima mapigo, akatabasamu. "Umetumia nini?"

"Mama mkwe."

Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema kwa upole, "Hiyo siwezi kuwaandikia wengine."

Haukupita muda Lorraine akapiga simu. Alikuwa amesikia habari njema. Mradi ulikuwa unaandaa ripoti, na wangependa picha yake, amevaa fulana, kama mfaidika wa Pumua Upya.

"Nilifaidika na nini, dada?"

"Ulihudhuria uzinduzi wetu, si ndiyo? Ukaacha baada ya pale."

"Niliacha baada ya pale, ndiyo. Hata mvua ilinyesha baada ya pale. Iandikeni pia." Akakata simu.

Angeweza kuishia hapo, mshindi mwenye la kusema, kama si Gikonyo. Gikonyo naye alivuta, na alikuwa amekohoa miaka mingi na hakuna aliyesikia tena, kama usivyosikia nyundo za mtaa wako. Sasa alianza kupumzika katikati ya geti moja. Kimotho akampeleka hospitali, Daktari Chesang akasikiliza kifua, akaandika maneno yale yale ya chingamu. Wakaenda pamoja kwenye dirisha la bima. Kijana nadhifu alikuwa amepandishwa cheo; aliyekaa pale alikuwa mwingine, mpole zaidi. Aligonga kompyuta.

"Bado haiko," alisema. "Lakini oksijeni iko."

Kimotho aliyasema ya kusema, na foleni nzima ikamsikia, na haikubadilisha kitu. Ndipo akampigia simu Mzee Makokha. Mzee akakubali, Gikonyo akapelekwa Bumula akiwa na begi lake. Hakukaa. Mama Edah hakuwa mkwe wake. Alikuwa mama wa watu, na Gikonyo aliweza kumwamkia huku moshi unamtoka puani, na yule mama akamjibu salamu. Akarudi Kitale kabla unga aliobebewa haujaisha, ana haya kidogo, anaomba msamaha kwa kila mtu.

"Wewe ulikuwa na bahati ya mke," alimwambia Kimotho. "Mimi mama mkwe wangu alikufa kitambo. Na akiwa hai alikuwa anavuta kunishinda."

Mwaka ule ule walimlaza. Alikaa kwenye kitanda kizuri, mpira wa hewa puani, mtungi mkubwa wa chuma pembeni, na kila kitu kililipwa. Kimotho alikuwa akienda kumwona baada ya kazi. Siku moja alimkuta amekodoa macho kwenye mtungi.

"Walichomelea vibaya hapo kwa kibebeo," Gikonyo akasema, akipumua katikati ya maneno. "Angalia hiyo. Nani alifanya hiyo kazi?"

Kimotho aliinama, akaangalia. Ilikuwa kazi mbaya kweli. "Ni wale wale," alisema, akavuta kiti akakaa, wakaendelea kuwasema mafundi wa mtungi mpaka nesi akaja kumwambia saa ya wageni imekwisha.